Kijani cha Kuuzia Ploti

Jumatatu asubuhi Jamleck alifungua bomba la bafuni kwake Kilimani, akasimama chini ya maji, na maji hayakumlowesha. Yalimfikia mabegani, yakajikunja matone matone, yakateremka mbio mpaka sakafuni. Huko chini yalichimbua saruji iliyokuwa katikati ya vigae na kwenda nayo. Jamleck alilaumu sabuni. Mkewe Muthoni alichungulia, akaona yote, akasema, "Baba Wanjira, si utoke basi, mtoto anachelewa shule."

Alijifuta sabuni kwa taulo, akavaa suti, akaenda kazini.

Kazi yake ilikuwa kuuza ploti. Ofisi ilikuwa ghorofa ya nne, Tom Mboya Street, na ploti zilikuwa nyikani huko Kajiado, mahali ambapo wateja wangepaona mara moja tu, siku ya kupelekwa kwa basi na kulishwa pilau. Wateja wenyewe walikuwa watu wa kulima. Wakiona nyasi kavu wanarudi ndani ya basi. Kwa hiyo Jamleck alikuwa na mbinu aliyojivunia sana: mvua ikikaribia anachoma nyika, manyunyu ya kwanza yanachipuza kijani, na kijani hicho kikishatiwa sahihi hakina kazi tena.

Mwaka huo wa 2006 pupa ilimzidi. Alichoma nyasi, akachoma vichaka, akaacha moto ukae mpaka mizizi ikafa na ardhi ikafanya ganda. Mvua ya Oktoba ilipokuja na fujo zake haikupata pa kuingilia. Iliteleza juu kama chai iliyomwagikia kitambaa cha plastiki cha mezani, ikazoa udongo wote wa juu pamoja na majivu na mbegu, ikavimwaga kwenye bwawa la majirani bondeni. Kwenye ploti zilibaki kokoto. Hiyo ilikuwa Jumapili jioni. Kulipokucha, maji yakamkataa Jamleck.

Wiki hiyo alipata mgeni ofisini, Naserian, ambaye ng'ombe wake walikunywa kwenye bwawa lile. Alimkuta Jamleck akijaribu kunawa mikono. Aliyatazama maji yakimteleza, akasema ardhi pia ilianza hivyo, kisha akaingia kwenye shida yake. Bwawa lilikuwa limejaa udongo mpaka kwenye ukingo. Ndama walikuwa wamenasa topeni wakafa. Maji mengine yalikuwa mbali, na ng'ombe waliodhoofika hawangefika. Aliomba trekta tu, ije ichimbue.

"Mama, huo udongo ulikuwa wangu ukiwa kwangu," Jamleck alisema. "Ukishatoka, hiyo ni mambo ya Mungu."

"Kwa hivyo sasa ni wetu?"

"Ni wenu kabisa. Chukueni tu."

Naserian alishuka ngazi na Jamleck akarudi kwenye jambo lililomnyima usingizi, nalo halikuwa ndama. Kina mama wa chama kimoja cha akiba cha Kinoo walitaka ploti, lakini hawangenunua kwa mtu asiyebatizwa. Walikuwa wametapeliwa zamani, tena na mzee wa kanisa, na somo walilolipata hapo ni hilo.

Basi Jamleck akaenda kubatizwa kwenye kanisa lao, karibu na Adams Arcade. Mchungaji Macharia alimshika kisogo akamzamisha. Maji yalirudi nyuma pande zote, na Jamleck akabaki amechuchumaa kwenye shimo kavu katikati ya kidimbwi, kanzu yake nyeupe haina hata tone. Mchungaji alifikiri kidogo, akakumbuka Bahari ya Shamu, akatangaza muujiza. Kwaya ikapokea. Mama Mwihaki, mwenyekiti wa chama, alilia kwa furaha. Hakuna aliyeuliza maji yanakimbia nini.

Yale yaliyofurika yalitoka nje yakazoa mchanga wa msingi, na tangu siku hiyo kanisa limeinama upande mmoja. Waumini wanakaa upande ule mwingine. Jamleck alifanywa mzee wa kanisa kabla mwezi haujaisha.

Desemba basi likaenda. Juu kulikuwa na kokoto vilevile, lakini kina mama hawakupelekwa juu. Bondeni, ndani ya bwawa, udongo wote wa nyika ulikuwa umetulia tambarare, mbegu zote zimeota, na kijani kilikuwa kimesimama hadi magotini. Mpima ardhi wa Jamleck alikuwa ameshaweka mawe ya mipaka. Mama Mwihaki alivua viatu, akachota udongo, akaunusa, akasema hautofautiani na wa Kinoo. Wenzake walitia sahihi mmoja akiinama mwingine aandikie mgongoni.

Naserian alikuwa amesimama ukingoni. Alimwendea Jamleck.

"Ulisema udongo ni wetu."

"Udongo, ndiyo. Hapa tunauza ploti."

Akamwendea Mama Mwihaki, akamweleza kwamba hapo anapokanyaga ni mahali mifugo yao ilipokunywa. Mama Mwihaki alimsikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mtu mwenye adabu, akamshika mkono. "Pole sana, mama. Tutakuombea."

Manyunyu yakaanza. Kina mama wakafungua miavuli, na Jamleck akabaki wazi akimaliza pilau yake, mkavu. Wale ng'ombe waliokuwa wamebaki walishuka kilimani kwa saa yao ya kawaida. Walipita katikati ya kina mama bila kusukuma mtu, wakafika palipokuwa na maji, wakainamisha vichwa kwenye majani ambayo hawakuyala, wakasubiri.

Jamleck alitoa simu mfukoni, akampigia fundi wa seng'enge.