Kitambaa Mgongoni mwa Kiti

Binti wa marehemu mdogo wangu alinishika mkono mpaka mlangoni kwa wakili. Baba yake aliuawa, mumewe akafungwa maisha kwa mauaji hayo, na sasa rufaa ilikuwa imekaribia.

"Baba mkubwa, ziangalie tu hizo picha," alisema. "Ukishaziona ukasema bado ni yeye, sitakusumbua tena."

Nilikubali nikiwa na jibu langu tayari. Kesi niliihudhuria tangu mwanzo, na mimi si mtu wa kuburuzwa. Elimu yangu niliipata jioni, baada ya kazi, nikiwa na ndevu zangu, na huko nilijifunza kuipima hoja kabla ya kuimeza.

Wakili alitandaza picha mezani. Ile yenye mwili aliigeuza kifudifudi, nikamshukuru kimoyomoyo. Zilizobaki zilionyesha sebule ya mdogo wangu: meza imepanguswa, vikombe viwili vimepinduliwa kwenye sinia, kitambaa kimekunjwa mgongoni mwa kiti.

"Wenzetu wa mashtaka wanasema muuaji alikunywa chai na marehemu, akamuua, kisha akaosha vikombe na kufuta meza ili kupoteza alama," wakili alisema. "Mwizi hana muda huo, kwa hiyo ni mtu wa nyumbani. Na mkwe alionekana pale jioni ile. Mimi nasema aliyeua kwa hasira hukimbia. Haoshi vyombo."

"Inategemea hasira yenyewe," nikasema. "Ipo ya moto na ipo ya barafu."

"Mzee, mkwe wenu ana barafu?"

"Baba mkubwa," binti akadakia, "yule tangu anioe hajaosha hata kijiko."

"Ndipo ujue alikuwa na sababu kubwa siku hiyo."

Nikaivuta picha karibu niwaonyeshe kosa lao. Hapo nikakiona kitambaa sawasawa. Kilikunjwa mara tatu kwa urefu, pindo limeingizwa ndani. Mama yetu alitufundisha hivyo, na aliyekosea alikunja upya nguo za nyumba nzima. Mdogo wangu, kitinda mimba aliyedekezwa, hakujifunza kamwe. Tuliojua tulibaki wawili: mimi na dada yetu, tunayemwita Bi Usafi. Na Bi Usafi ndiye aliyemkuta marehemu asubuhi yake.

Niliaga, nikaenda kwake.

Nilimkuta akisugua masufuria yaliyokwisha kung'aa.

"Dada, siku ile uliosha vikombe vya marehemu?"

"Niliosha. Polisi wako njiani na kamera zao, niache chai imegandia vikombeni? Ili waseme watoto wa mama yetu wachafu?"

"Na askari ulimwambia?"

"Aliniuliza kama nimeugusa mwili. Sikuugusa. Habari za vikombe hakuuliza mtu."

"Vikombe hivyo ndivyo vilivyomfunga yule kijana."

Mikono yake ikatulia majini. Yeye alikuwa shahidi, alingojea nje ya chumba cha mahakama, na hoja ile hakuisikia. Mimi niliyeisikia nilimletea maneno mawili tu: ushahidi umetosha.

"Kijana yule simpendi," alisema. "Mdomo wake hauna mlango. Lakini kutompenda mtu si sababu ya kumfunga. Kaka, wataniuliza nilikuwa wapi siku zote."

"Watauliza."

"Na huenda wakanifunga mimi."

"Hilo sijui. Tukamuulize wakili."

Kesho yake wakili hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alimwambia atahojiwa kwa ukali, na kwamba upande wa pili watadai ametunga uongo ili kumwokoa mkwe.

"Utawathibitishiaje, mama?"

Bi Usafi aliangaza macho ofisini. Dirishani palikuwa pamebwagwa kitambaa cha kufutia vumbi. Alikichukua kwa ncha za vidole, akakikung'uta, akakikunja mara tatu bila kukitazama, akaingiza pindo ndani, akakiweka kando ya picha.

Wakili alitazama kimoja, akatazama kingine. Binti wa marehemu aliinamisha kichwa mezani.

Nani alimuua mdogo wangu, bado sijui. Huenda ni yule yule mkwe. Ila picha ile haisemi hivyo tena, nami nilimwambia binti hivyo, mbele ya wote.

"Andika," Bi Usafi alimwambia wakili. "Na hicho kitambaa ukifue."