Moja Kati ya Nne

Doreen alikuwa ameniegemea begani, amekumbatia chupa ya maji ya moto, tulipoitwa kusikia majibu ya vipimo vya damu vya mdogo wake. Wakati huo Doreen alikuwa na miaka tisa. Sasa yuko kidato cha pili na ananizidi maneno. Siko seli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ilimwanza akiwa na miezi minane. Maumivu ya mifupa aliyajua kabla hajajua kusema.

Muuguzi alishatueleza zamani: mimi na mke wangu Magdalena sote tumebeba vinasaba vya ugonjwa huo bila kuugua, kwa hiyo katika kila mimba uwezekano wa mtoto kuugua ni moja kati ya nne. Alipopata ujauzito wa pili, Magdalena alijipa moyo kwa hesabu yake mwenyewe.

"Ile moja tumeshaipata, Baba Doreen. Zimebaki tatu nzuri."

Mimi ni mwalimu wa fizikia Kilosa. Kila mwaka nawarushisha wanafunzi sarafu, nawafundisha kwamba sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana. Lakini nilimtazama mke wangu akikunja vinguo vya mtoto ambaye hajazaliwa, nikashindwa kumsahihisha. Nikakaa nikamsaidia kukunja. Miezi yote ile hesabu ya kweli niliibeba peke yangu.

Siku ile ya majibu, hospitalini Mikumi, daktari akasema Onesphory, aliyekuwa na miezi sita, hana ugonjwa. Magdalena alijifunika uso kwa kanga akalia. 

 Tulipotoka nje Doreen akanivuta shati.

"Baba, nani alichagua niwe mimi?"

Bibi yake wa Masanze alizoea kumwambia kila kitu kimeandikwa, na alimwambia kwa mapenzi, huku akimkanda miguu. Majirani wetu wa Mabwerebwere walikuwa na maneno yao, ya laana. Nilichuchumaa mbele ya Doreen, nikitamani niwe na jibu tamu zaidi.

"Hakuna aliyechagua, mwanangu. Imetokea tu. Ingeweza kuwa mdogo wako, ingeweza isiwe yeyote."

Nilidhani nimemuumiza. 

"Kwa hiyo sikukosea kitu?"

Kumbe swali hilo alikaa nalo miaka yote nyumbani kwangu, mimi nikienda kufundisha watoto wa watu.

"Hukukosea chochote," nikasema.

Alikaa kwenye ngazi, akaweka chupa pembeni, akanyoosha mikono apewe mtoto. Magdalena alisita, maana Onesphory alikuwa mzito na mifupa ya Doreen ilikuwa ikiuma. Kisha akampa.