Bakuli Moja kwa Mama Akyaa

"Dufie, mwanao siku hizi anakula wapi?" jirani alimuuliza siku moja huku akianua nguo.

Dufie akajibu kwamba anakula kazini. Haukuwa uongo, lakini jibu lile lilimsumbua hadi jioni.

Boadi hakuwa ametia mkono kwenye chungu cha mama yake tangu walipomzika baba. Ukoo wa marehemu ulileta chupa ya pombe, Dufie akaipokea kwa mikono yake miwili, na Kumasi nzima inajua kuwa aliyepokea kinywaji amelikubali neno lililokuja nacho. Neno lenyewe lilikuwa gereji ya marehemu iende kwa mpwa wake, mtoto wa dada yake, maana kwao mali hurithiwa upande wa mama. Boadi, aliyekulia chini ya magari ya baba yake, akabaki kibarua wa watu huko Suame, mtaa wa magereji.

Dufie alisali juu ya jambo hilo, kisha akampelekea mwanawe salamu: kama nyumbani haji, basi atamfuata yeye, wale pamoja mchana kwa Mama Akyaa, pale wanapokula mafundi. Boadi akakubali.

Dufie alitangulia kufika. Alichagua benchi la pembeni, mbali na vijana waliokuwa wakitwanga fufu, ule ugali wa muhogo na ndizi, maana alitaka kusikilizana na mwanawe. Mama Akyaa alipouliza mabakuli mangapi, Dufie akasema moja, la watu wawili, atie na nyama ya mbuzi. Watu wenye kinyongo hawali bakuli moja. Hilo ndilo lililomtoa nyumbani.

Boadi akaja na grisi hadi viwikoni.

"Fundi, leo umeletewa mama akukague mikono?" mmoja wa wenzake akamtania.

"Akukague wewe kwanza, unanuka dizeli hadi kwenye mchuzi," Boadi akajibu, watu wakacheka.

Akanawa, akaketi, akalitazama lile bakuli moja. Dufie aliombea chakula kwa kifupi sana, akiogopa asije akafumbua macho akakuta benchi ni tupu. Alipofumbua, Boadi alikuwa anamega tonge. Akachovya, akameza, kisha kwa kidole akalisukuma pande nono la nyama upande wa mama yake. Dufie akainama haraka, akajifanya pilipili imemwingia machoni.

Wakala. Boadi akamuuliza habari za mguu wake, naye akamweleza, akamweleza na ya kwaya. Ndipo kijana akasogea karibu, akaleta lililomleta. Jumamosi wazee wa ukoo wanakaa. Yupo mmoja aliyemwambia kuwa shauri linaweza kufunguliwa upya, mradi mjane asimame aseme alidhani ile chupa ni ya rambirambi tu.

"Ni neno moja, Mama. Ulikuwa unalia, nani atakubishia?"

Mchuzi ukaanza kuganda mafuta pembezoni. Dufie alitamani kusema ndiyo; Mungu anajua jinsi alivyotamani.

"Nilijua, mwanangu," akasema. "Baba yako alikuwa amelala mochwari. Wakaniambia hazikwi mpaka nipokee. Nikapokea, na nilijua napokea nini."

"Sikuulizi ulijua nini. Nakuomba useme."

"Wataniapisha."

"Si uape?"

"Boadi, siwezi."

"Hata kwa ajili yangu?"

Alimtazama mwanawe, shingo ile ile ya marehemu, kucha zile zile nyeusi. "Kwa ajili yako ningelala njaa maisha yangu yote. Lakini kuapa uongo, hapana."

Tonge lilikuwa bado vidoleni mwa Boadi. Akalirudisha ndani ya bakuli taratibu, akavuta maji, akanawa mkono mmoja, kisha wa pili. Dufie akamsihi amalizie nyama angalau, ana kazi nzito mchana huu. Boadi akajifuta kwenye ovaroli lake, akapita katikati ya mabenchi, akatoka.