Magauni Yasiyo na Mifuko

Mtoto alisimama juu ya kigoda, mikono kaitandaza kama anayeanika nguo, na fundi akawa anamzunguka kwa magoti, pini kaziuma mdomoni. Gauni lilikuwa la satini ya rangi ya maziwa, la sherehe ya kuzaliwa, lenye pindo pana na utepe mgongoni. Gauni la binti mfalme. Siku hizi kila mtoto anataka kuwa binti mfalme walau mara moja kwa mwaka, na wengi wa mtaa ule aliwatawaza yeye kwa cherehani yake ya miguu.

Ili mtoto asitikisike, fundi alikuwa akimsimulia hadithi. Mafundi wengine huwapa watoto peremende, wengine huwakalipia. Yeye alisimulia kupitia katikati ya pini, na maneno yalitoka membamba lakini yalifika. Shida ilikuwa moja tu. Hadithi ikifika pale zimwi linapobisha hodi, mtoto hushtuka, na pini humchoma. Akina mama wakanung'unika. Mmoja akasema yeye alileta kitambaa kishonwe, hakuleta mtoto aoteshwe ndoto mbaya. Basi fundi, ambaye hakupenda maneno na wateja, akalikata zimwi. Alilikata kama mtu anavyokata kitambaa kilichozidi kwapani, akakunja kingo, akapiga upindo. Hadithi ikabaki hivi: msichana akavaa gauni, akachukuliwa, akapelekwa kwenye nyumba kubwa, akaishi raha mustarehe. Ikamkaa kila mtoto bila kumbana popote.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Fundi aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi, akaijibu vizuri kwenye mtihani, na haikumjia kichwani siku ile.

Kesho yake zimwi lilikuwa limekaa juu ya gunia la vipande, kwenye kona ya pasi. Kwa fundi kilichokatwa hakitupwi, huenda guniani, kwa hiyo aliona ni sawa. Alilisalimia, likaitikia kwa adabu, likakunja miguu ili wateja wapate pa kupita. Lilikuwa na jicho kwenye paji la uso na jingine kisogoni, pembe fupi, na kucha nyembamba ambazo zilifaa sana kutungia uzi kwenye sindano. Likapewa kazi hiyo. Likapewa na ya kupuliza pasi ya mkaa. Pumzi moja tu, mkaa wote ukawa mwekundu. Jirani wa fundi, mama muuza mkaa, alilalamika kwamba mgeni wa namna ile anamharibia biashara. Mwenye nyumba alipopita aliuliza kama ni mpangaji, akaambiwa ni mgeni, akasema mgeni siku mbili, akaenda zake. Zimwi lilikaa miaka. Lilikula vifungo vilivyovunjika, wala halikuomba kingine.

Watoto hawakulijali. Walitundika mikoba yao kwenye pembe zake wakati wa kupimwa, na mdogo mmoja aliwahi kulala mapajani mwake akisubiri mama yake. Hakuna aliyewahi kuwaambia habari zake. Hapo ndipo fundi alipopaswa kuogopa.

Alikuwa na binti mmoja tu, ambaye watu walimwita Bobini, kwa sababu tangu utotoni hakujua kutulia, ni kuzunguka tu kama kile kigurudumu cha uzi ndani ya cherehani. Alilelewa chini ya meza ya kukatia, na hadithi aliyokua nayo ni ile iliyopigwa upindo. Alipomaliza shule alikaa dukani akishona vifungo na kutazama kwenye simu mabinti wafalme wengine, weupe na weusi, wanaoimba na ndege, na wote mwisho wao ulikuwa mmoja.

Mteja mkubwa wa duka alikuwa Mama Safari. Kazi yake ni kuwatafutia wasichana ajira katika nyumba za mbali, huko ambako gari la asubuhi linaishia na jingine linaanza. Kila kundi linalosafiri alilishonea magauni ya satini ya kupigia picha, yote mshono mmoja, yote bila mifuko. Fundi alimwambia mara kadhaa kwamba mfuko mdogo wa ubavuni hauharibu kitu, hata leso inahitaji pa kukaa. Mama Safari akajibu kwamba mfuko unavimbisha nyonga. Sauti yake ilikuwa laini, laini kiasi kwamba mbwa wa mtaani wakimsikia walilala.

Siku moja alipotoka, zimwi liliacha kutunga uzi, likajishika koo.

"Sauti hiyo imepita kwa mhunzi," likasema.

Fundi akauliza ina maana gani.

"Yangu nayo ilipita. Ilikuwa inakwaruza, watoto hawanifungulii. Nikameza chuma cha moto, nikaimba kama mama yao. Wakafungua."

Fundi akasimamisha cherehani. Akataka kujua kwa nini halikusema miaka yote hiyo.

"Mimi kipande, fundi. Kipande hakiulizwi."

Kisha likaeleza habari za mifuko, polepole, kama mstaafu anayesimulia kazi yake ya zamani. Mtoto mwenye mfuko alilisumbua siku zote. Huwa ametia majivu au mbegu, anadondosha njiani, na ukigeuka amekwisha kufika kwao. Wasio na mifuko ndio waliokuwa wakibaki.

Fundi akawakumbuka wasichana aliowashonea. Kila mmoja alituma picha moja, amesimama na gauni mbele ya geti refu, anatabasamu. Baada ya hapo, kimya. Wazazi walizitia picha kwenye fremu na kusema watoto wamepata, ndiyo maana wamesahau nyumbani. Tabasamu lilikuwa lile lile katika picha zote, kama lililokatwa kwa kielelezo kimoja.

Wiki hiyo Mama Safari akarudi na oda mpya. Akasema, kwa ulaini wake, kwamba moja kati ya magauni yale ni la nyumbani kwa fundi mwenyewe, ni la Bobini. Walikwisha kuzungumza, na msichana amekubali.

Fundi alimkataza binti yake asubuhi, akamkataza mchana. Alimwambia habari za picha na habari za sauti. Bobini alikuwa akishona kifungo, hakuinua uso.

"Mama, mbona ni hadithi yako hiyo hiyo? Msichana anavaa gauni, anapelekwa nyumba kubwa, anaishi raha mustarehe. Kuna siku umewahi kuniambia jingine?"

"Kuna jingine."

"Tangu lini?"

Fundi akachukua mkasi. Alikata gauni la mwanawe kama alivyoagizwa, ila ndani ya upindo wa chini alishona mfuko wa siri, mrefu, wenye tundu dogo linalopitisha kitu kimoja kimoja mtu anapotembea. Akaujaza mbegu za maboga. Kisha akaligeukia zimwi, akaliomba lirudi kwenye hadithi.

"Ulinikata, ukapiga na upindo," likasema. "Nitapitia wapi?"

"Nitafumua."

Alasiri ile Bobini alipanda kigodani kupimwa. Fundi akapiga magoti, akatia pini mdomoni, akaanza pale alipozoea. Msichana akavaa gauni. Msichana akachukuliwa, akapelekwa kwenye nyumba kubwa. Hapo, badala ya kumalizia, akashika ncha ya uzi na kuuvuta. Hadithi ikafumuka kwa sauti ya kitambaa kinachochanika, na zimwi likainuka juu ya gunia, likajipangusa nyuzi, likaingia. Halikuwa tena lile la kutunga uzi. Dari ililazimika kupanda kidogo kulipisha. Fundi akasimulia ni nani aliyefungua geti, na kwa sauti gani, na funguo zilitiwa wapi baada ya hapo. Bobini, ambaye aliwahi kulitundikia zimwi lile mkoba wa shule, kwa mara ya kwanza aliliona. Alianza kutetemeka. Pini zikamchoma, na tone la damu likakaa kwenye satini.

"Ikawaje?" akauliza.

"Akataka kurudi, hakuwa na cha kudondosha njiani."

Bobini akashuka kigodani. Alilivua gauni, akalikunja vizuri, akasema apewe mwingine.

Mama Safari hakukasirika. Alilipima gauni kwa macho, akasema tone lile litatoka kwa chumvi, na kwamba kimo cha Bobini ni kimo cha Kicheko, binti wa muuza mkaa. Kicheko alilivaa siku hiyo hiyo. Halikuhitaji kupunguzwa wala kuongezwa.

Fundi alikwenda kwa jirani yake, akamkuta amekaa kati ya magunia yake. Akamweleza yote, na zimwi, lililokwisha kurudia kimo chake cha dukani, likaja nyuma yake kuthibitisha.

"Shoga," muuza mkaa akasema, "wako umemtia woga, sasa unataka na wangu aoze hapa na masizi? Na huyu shahidi wako, si ndiye anayekula vifungo?" Akacheka. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mwache mtoto aende."

Kicheko aliondoka na gari la asubuhi. Picha ikaja: geti, gauni, tabasamu. Kisha kimya.

Mvua zilipoanza, maboga yaliota. Yalianzia mlangoni kwa muuza mkaa, yakafuata barabara ya lami, yakapita kituo cha magari na kuendelea, mmea mmoja hapa, mmoja pale, hadi upeo wa macho. Lami ilijipasua kidogo kuyapisha. Watu waliyafurahia. Waliokwenda kazini walichuma majani wakati wa kurudi, na madereva walijifunza kuyakwepa. Fundi aliwaambia kwamba ile ni njia, na kwamba ikifuatwa ina mwisho. Walimkubalia. Wakasema kweli, imekwenda mbali sana hii, tutashiba mwaka mzima.

Muuza mkaa mwenyewe alimletea boga moja, kubwa, la shina la kwanza. Fundi alilipokea kwa mikono miwili na kulipeleka sikioni, kama mtu anavyosikiliza nazi. Ndani mlikuwa na mtu anafagia. Ufagio ulikwenda, ukaenda, ukafika mbali, ukageuka, ukarudi, haukupumzika.

"Unasikia?" fundi akauliza.

Muuza mkaa akatega sikio, na uso wake ukalainika.

"Nasikia," akasema. "Sikia sakafu ilivyo ndefu. Kumbe nyumba yenyewe ni kubwa kweli."

Fundi alimwomba waifuate njia, wao wawili, kesho tu. Jirani akasema mkaa utauzwa na nani.

Fundi akaliweka boga kwenye rafu, karibu na mikebe ya vifungo. Hakuna aliyethubutu kulikata. Oda za Mama Safari alizikataa, zikaenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, ambaye hushona haraka zaidi na hana habari za mifuko. Bobini sasa anakata vitambaa mwenyewe, na akisikia sauti laini mlangoni huinua mkasi kwanza, ndipo huitikia.

Jumamosi aliletwa mtoto wa kupimwa, gauni la rangi ya waridi. Mama yake alitazama gunia la vipande, akamsalimia aliyekaa juu yake, kisha akamwinamia fundi.

"Ile tamu tu, fundi. Hilo libaki huko huko."

Fundi akapiga magoti, akatia pini mdomoni. Mtoto akatandaza mikono, akasubiri. Juu ya rafu, ufagio ulikuwa unarudi.