Siku ya Tatu ya Ndiga

Mwanahawa alichukua mchi wake ukutani kabla jua halijawa kali. Kinu kilikuwa kitupu tangu mwezi wa Shaabani, ila mchi wenyewe haukupumzika. Kila asubuhi wanawake wanane wa vibanda vya wakimbizi, nje kidogo ya Ikwiriri, walikwenda kijitoni kwa mstari, kila mmoja na mchi wake begani. Sheria walizitunga wenyewe. Haendi mtu peke yake. Hakimbii mtu. Mbwa wakitokea, wote wasimame migongo imegusana na kutwanga ardhi kwa pamoja mpaka waondoke. Tangu waanze, siku kumi na moja, hakuna aliyeng'atwa.

Leo ilikuwa siku ya tatu ya ndiga. Mzizi ule wa porini ukiliwa haujakaa majini siku tatu, unaua. Ukizidishiwa siku, unaoza. Tenga la Mwanahawa lilikuwa kijitoni, limekandamizwa kwa mawe. Ndani ya kibanda alilala binti yake Biasha, mwenye miaka tisa, ambaye tangu juzi hakuwa ametia kitu tumboni ila majani ya kuchemsha. Jana alilia njaa. Leo hakulia, na hilo ndilo lililomtisha mama yake.

Nje alimkuta jirani yake Fatu akizozana na Jumbe Khamisi, mtu wa kwao aliyefanywa jumbe na serikali baada ya vita vya uasi.

"Michi yote ipelekwe kwa askari," alisema Khamisi. "Leo hii."

"Michi ya kutwangia?"

"Jana askari wamewaona. Wanawake wanane, mstari mmoja, miti mabegani. Karani kaandika kwamba ni kikosi."

Fatu alicheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe mie askari! Na marehemu mume wangu kafa hajui alikuwa amelala na nani."

"Cheka tu. Mikuki wamechukua, pinde wamechukua, mapanga wamechukua. Atakayeficha mchi, viboko hamsa ishirini, awe mke awe mume."

"Na mbwa, Jumbe?" aliuliza Mwanahawa. "Mbwa tuwafukuze kwa kitu gani?"

Khamisi alitazama miguu yake. "Mkaseme huko huko. Mie natumwa."

Wakaenda kusema, Mwanahawa na Fatu, na michi minane wameifunga kwa kamba ya ukindu. Karani alikuwa amekaa barazani kwenye kambi ya askari na daftari lake. Alikuwa kijana msafi wa kanzu, mwenyeji wa pwani ya mbali, na hakuitikia shikamoo yao.

"Bwana Karani," alisema Mwanahawa, "tuachieni hata miwili. Njia ya kijitoni ina mbwa ishirini na zaidi. Wameshaua watoto wawili. Au mtume askari mmoja mwenye bunduki."

"Risasi ni ya watu waasi. Siwezi kuandika kwamba imepigwa mbwa." Karani alifungua ukurasa mpya. "Mbwa hao ni wa nani?"

Fatu alimkanyaga mguu Mwanahawa, lakini alikuwa amechelewa.

"Ni wetu," alisema Mwanahawa. "Wametoka kwetu, upande wa Ngarambe."

"Basi mwenye mbwa ndiye wa kumfunga. Nikuandike jina?"

"Hapana, bwana."

"Nendeni."

Walipogeuka, mpishi wa askari alikuwa ameshaikata kamba ya ukindu. Sufuria la wali lilikuwa linatokota jikoni, na mchi wa Fatu, wa mpingo, aliopewa na mama yake siku ya harusi, ulisukumwa motoni wa kwanza.

Mbwa walikuwa wa kwao kweli. Walikuwa mbwa wa kulinda mashamba, wa kufukuza nguruwe kwenye mpunga. Siku askari walipochoma kijiji, watu walikimbilia mtoni, na mitumbwi haikutosha. Mzee Mtoro, aliyekuwa akisomesha watoto Kurani, alisimama majini akazuia: mbwa hawezi kukaa mtumbwi mmoja na unga na juzuu. Hakuna aliyembishia. Waliwaacha wamepanga mstari ukingoni, wanabweka. Huko ng'ambo hapakuwa na chakula ila maiti ambazo hazikupata wa kuzizika. Kiangazi mto ulipopungua na mchanga kujitokeza, mbwa walivuka wakawafuata watu wao. Mzee Mtoro alikuwa wa kwanza kung'atwa. Jeraha lilipona vizuri. Siku ya arobaini baada ya kung'atwa, alipoletewa kata ya maji koo lilijifunga, akapiga kelele, na baada ya siku nne wakamzika; kilikuwa kichaa cha mbwa.

Adhuhuri wakaenda kijitoni mikono mitupu. Wanane walikuwa wamebaki watano; watatu waliogopa kwenda bila michi.

"Tusikimbie," alisema Fatu. "Hata mkojo ukitutoka, tusikimbie."

Mwanahawa alikuwa ameshalitoa tenga majini mbwa walipojitokeza kwenye matete. Hawakubweka. Wanawake wakagusanisha migongo, wakapiga ardhi kwa nyayo. Nyayo hazikuwa na sauti ya mchi. Mbwa wakasogea.

Ndipo Mwanahawa alipomwona mbwa mmoja mwenye sikio lililokatika. Huseni, mumewe, ndiye aliyemlea mbwa yule tangu mdogo, akamwita Waseme, kwa sababu ya majirani. Huseni alikwenda vitani na hakurudi.

"Waseme!"

Mbwa alisimama. Mkia ukatikisika, mara moja, mara mbili. Wengine nyuma yake nao wakasimama.

"Mwanahawa, rudi!" alinong'ona Fatu.

"Ananijua. Waseme, njoo baba, njoo."

Alitoka mstarini hatua moja, mkono mbele. Mate marefu yaliyokuwa yakining'inia mdomoni mwa mbwa aliyaona pale tu meno yalipokuwa yameshaingia kiganjani. Fatu alimtupia mbwa jiwe la tenga kichwani. Mbwa akaanguka, na wenziwe wakamrukia yule yule aliyeanguka. Hapo wanawake walipata nafasi ya kuondoka, kwa kutembea.

Jioni Mwanahawa aliosha mkono mara saba, mara ya kwanza kwa udongo, kama walivyofundishwa na Mzee Mtoro. Akapika ndiga. Biasha alikula polepole, kisha kwa pupa, kisha macho yakarudi kuwa macho ya mtoto.

"Sikiliza," alisema mama yake. "Unamenya, unakata vipande vyembamba. Unalaza kwenye maji yanayotembea. Unaonja kwa ncha ya ulimi. Ukikuwasha, unarudisha majini."

"Si unajua wewe, mama? Mie nijue ya nini?"

Mwanahawa alichota maji kwa mkono mzima. Akanywa kata yote, taratibu, akisikiliza kila funda likiteremka kooni.

"Sema. Ndiga inakaa siku ngapi?"

"Tatu."

"Tena."