Ukanda wa Ngao ya Kandoran

Bwana Govindan anauza vipuri vya baiskeli karibu na stesheni ya Kamina, na mteja akikosekana huimba. Jumanne nilipokwenda kununua mpira wa breki, aliniimbia habari za Kandoran, shujaa wa kwao India, kisha akanieleza maana. Kandoran aliwashinda watu ishirini na wawili kwa upanga. Wa ishirini na tatu alimuua, kwa sababu binamu aliyembebea ngao alikuwa ameukata ukanda wake nusu, akapaka nta juu kuficha.

"Binamu alitaka nini?" nikauliza.

"Farasi wa Kandoran, mama."

Nilirudi nyumbani bila kusalimia mtu njiani.

Mume wangu alipofariki, baiskeli yake aliachiwa mwanetu Ariel. Salomon, mtoto wa shemeji yangu, aliitaka sana na hakuficha. Sasa Ariel alikuwa anaondoka kesho yake kufuata samaki wakavu Kinkondja, njia ina miteremko mibaya, na aliyemtengenezea breki ni nani? Salomon. Bure. Tangu lini Salomon anafanya kitu bure?

Jioni, vijana walipokuwa wanakula, nilichukua spana nikafungua boliti inayobana waya wa breki. Niliupapasa waya wote. Mzima. Nikarudisha boliti, bado simwamini.

Asubuhi Salomon alikuja kumuaga ndugu yake. Akabonyeza breki. Waya ukachomoka.

"Nani aligusa hii frein?"

Ariel akamkazia macho. "Si weye njo ulitengeneza?"

"Minyi nilikaza! Na mukono yangu!"

"Kama ulikaza, inatoka namna gani?"

Jirani yetu Marthe akaitazama baiskeli, akacheka. "Ile velo ya marehemu njo inamusumbua roho."

Maneno yangu hayo. Nilimwambia mwenyewe jana, kwenye bomba la maji.

Salomon alikuwa ameshachukua spana; akaiweka chini, akageuka kuondoka.

"Salomon, rudi," nikasema. "Ni mimi. Nilifungua jana nione kama umekata waya."

Marthe aliacha kucheka.

"Sababu gani, mama?" Salomon akauliza.

"Kwa sababu ulitaka baiskeli."

"Hata leo ninaitaka."

Akachuchumaa, akaurudisha waya mahali pake, kisha akaninyooshea spana. "Kaza weye mwenyewe, mama. Ulale vizuri."

Nikakaza. Nikauvuta waya mara mbili. Mara ya tatu niliona ananitazama, nikaacha.