Kuanguka kwenye Changarawe

Nisikilizeni kwanza, kabla hamjaanza kutucheka. Msimu wa 1979, kabla ya mechi ya mwisho, timu ya raga ya chuo chetu cha ufundi, pale Huruma, ilikuwa imecheza mechi kumi na moja na kufungwa zote. Si kwamba tulikuwa wanyonge. Chege peke yake alikuwa akiinua injini ya pikapu karakanani bila kuita mtu. Shida yetu ilikuwa moja tu: hatukujua kuanguka.

Uwanja wetu ulikuwa changarawe tupu, nyekundu, kali. Ukianguka, ngozi ya goti unaiacha hapo. Basi tukajizoeza kucheza tukiwa wima. Mpira ukidondoka, tuliupiga teke, tukauchokora kwa kidole cha mguu kama kuku, lakini kuulalia? Thubutu! Wapinzani walijitupa juu yake, wakauchukua, wakaenda zao. Mimi Kisilu ndiye niliyekuwa mwoga kuliko wote, na sioni haya kusema.

Halafu mkuu wa chuo akatuita.

"Mechi ya mwisho ni Jumamosi," alisema. "Mkishindwa tena, timu imekwisha. Huo uwanja nitauwekea mbao za maseremala."

Kinyanjui, nahodha wetu, alitoka ofisini akiwa na macho mekundu. Tungeenda wapi? Klabu za upande ule mwingine wa mji zilikuwa za wenye magari. Sisi wa Huruma na Majengo tulikuwa na hii moja tu, na kila Jumanne na Alhamisi ilitutoa kwenye vyumba vya watu saba.

"Jumamosi, piga ua, tunashinda," Kinyanjui aliniambia. "Wewe ndiye hufika kwenye mpira kabla ya wote. Utaanguka."

"Kwa hii changarawe? Una wazimu wewe?"

"Utaanguka, ama uvue jezi sasa hivi."

Nilimnunia siku tatu. Kilichoniudhi ni kwamba alisema kweli.

Jumamosi wageni wakaja, wanafunzi wa chuo kimoja cha Ngong Road, kaptura zao nyeupe pepe. Nyuma ya karakana dada yangu Ndanu alikuwa na sufuria mbili za muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, motoni tangu asubuhi, kwa maana raga ina desturi yake: mkishamalizana uwanjani, mwenyeji humlisha mgeni, hata kama amefungwa naye. Mechi ilipoanza, wageni waliikanyaga ile changarawe wakatazamana. Kumbe na wao walikuwa na magoti! Mpira ukidondoka, watu thelathini walibaki wima wakisukumana. Nilicheka peke yangu, haki ya Mungu.

Chege akavunja ukuta wao, akafunga trai. Pointi nne. Kinyanjui akapiga penalti, tatu. Wao wakapata penalti mbili. Saba kwa sita, na dakika moja imebaki.

Ndipo mpira ukamponyoka mwenzetu Irungu, hatua tano tu kutoka mstari wetu wa goli. Ukalala hapo. Jamaa wao mmoja, mnene wa shingo, akaja mbio kuupiga teke hadi ndani, apate trai. Nilikuwa karibu kuliko wote, na miguu yangu, kwa mazoea, ikataka kubaki wima. Nikaitukana kwa Kikamba. Nikajitupa.

Lo! Changarawe ilinichuna kuanzia goti hadi kiunoni. Jamaa akanipitia mgongoni na viatu vyake. Nikausukuma mpira nyuma, Kinyanjui akauokota, akaupiga teke hadi nje kabisa, karibu na kamba za nguo za watu. Refa akapuliza filimbi ya mwisho.

Tulipokuwa tunakula, yule mnene akaja akaketi kando yangu na sahani yake, akautazama mguu wangu, akatikisa kichwa.

"Wewe ni mwehu," alisema. Akamgeukia Ndanu kuomba nyongeza. "Na mwakani tukija, dada, upike kama hiki hiki."

Alisema hivyo huku anatafuna, kama mtu anayetaja Jumatatu. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kututajia mwakani. Kinyanjui aliweka sahani chini, akageukia ukuta wa karakana, akalia mbele ya wageni wote, na hakuna aliyemwambia anyamaze.